Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Jumba la Utamaduni na Sayansi, Warsaw

KWA: Meya na madiwani wa Jiji la Warsaw, menejimenti ya Jumba, Mhifadhi wa Majengo ya Kale wa Mkoa wa Mazowsze

YAH: UKUMBI WA KONGRESOWA, VIGAE VYA NJE NA KAZI YA JUMBA

Waheshimiwa,

Kila baada ya miaka michache huzuka mwanasiasa akataka Jumba lenu, mnara uliojengwa na Wasovieti katikati ya mji, libomolewe. Mwaka 2009 alikuwa Radosław Sikorski, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo. Mwaka 2017 alikuwa Mateusz Morawiecki, naibu waziri mkuu. Magazeti hujaa kwa wiki moja, kisha kimya. Barua hii haihusu mjadala huo. Jumba limo katika rejista ya urithi tangu 2007, na hakuna anayeandaa baruti. Majengo ya ukubwa huu hufa kwa njia nyingine: maji yanayolala nyuma ya kigae, mlango usiofungika, ukumbi uliofungwa kwa muda na huo muda ukageuka miaka.

Tunaandika kwa Kiswahili makusudi. Chuo Kikuu cha Warsaw kinafundisha lugha hii, kwa hiyo mkalimani hamtamtafuta mbali. Wasomaji wetu wa Unguja wanaoishi au kupita kila siku chini ya majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wale wa Dar es Salaam wanaosubiri treni katika stesheni ya TAZARA iliyojengwa na Wachina, wanaijua hali hii vizuri. Dola rafiki inakuja na ramani zake, saruji yake na mafundi wake, inajenga haraka, inakabidhi funguo na kuondoka. Miaka 50 baadaye mwenye nyumba anahangaika na jengo ambalo hakulichora yeye, kwa vipuri ambavyo havitengenezwi tena.

Lenu lilijengwa haraka kweli. Mkataba na Muungano wa Kisovieti ulitiwa saini tarehe 5 Aprili 1952, kazi ikaanza 2 Mei mwaka huohuo, na jengo likakabidhiwa 21 Julai 1955. Ni miaka mitatu na ushei kwa vyumba 3,288, ujazo wa mita za ujazo zipatazo 817,000 na matofali karibu milioni 40. Wafanyakazi wa Kisovieti walikuwa 3,500 hivi, wakilala katika kitongoji cha nyumba za mbao huko Jelonki, na Wapoland wakafanya kazi pamoja nao. Wajenzi 16 wa Kisovieti walikufa. Msanifu alikuwa Lev Rudnev, yuleyule wa Chuo Kikuu cha Moscow, na ndiyo maana mtu akiziona picha za majengo hayo mawili hudhani ni ndugu wa tumbo moja. Ni ndugu kweli, ila hili la Warsaw limevikwa kilemba cha Kipoland.

Kilemba hicho ndicho watu wengi wanachokipita bila kukiona. Kanuni ya uhalisia wa kijamaa, mtindo rasmi wa enzi ya Stalin, ilitaka kiini kiwe cha kijamaa na umbo liwe la kitaifa. Rudnev na wenzake walizunguka Poland, Kraków, Zamość na miji mingine ya kale, wakitafuta hilo umbo la kitaifa, na walichokwapua zaidi ni ule ukingo wa paa uliopambwa kwa vichwa, mizunguko na minara midogo, ambao Wapoland huuita attyka. Katika nyumba za karne ya 16 ukingo huo haukuwa pambo tupu. Nyumba zilibanana, mapaa yalikuwa ya mbao, na ukuta uliopanda juu ya paa ulizuia moto usiruke kutoka nyumba hadi nyumba. Paa lenyewe lilifichwa nyuma yake, limeinamia ndani, na maji yakaongozwa kwa mifereji. Kwa hiyo attyka ni kifaa cha zimamoto kilichogeuka urembo. Rudnev aliuchukua urembo, akauweka juu ya kiunzi cha chuma kilichojazwa matofali, na pamoja na urembo akarithi ile kasoro yake ya zamani: nyuma ya kila ukingo kuna bonde, na kila bonde hukusanya theluji na maji. Tutarudi hapo.

Urefu nao una kisa chake. Józef Sigalin, msanifu wa upande wa Poland, aliandika jinsi yeye, Rudnev na wenzao walivyosimama ng'ambo ya mto Vistula, upande wa Praga, ndege ndogo ikizunguka juu ya kiwanja na puto ili waone mita 100 zinafananaje, kisha 110, kisha 120. Kila ndege ilipopanda, Wapoland walipaza sauti: juu zaidi! Hatimaye ncha ikafika mita 230 na kitu, na tangu antena ya 1994 inahesabiwa mita 237. Likabaki jengo refu kuliko yote Poland mpaka mnara wa Varso wa mita 310 ulipokamilika miaka hii ya karibuni.

Lakini saa ya mtindo huo ilikwisha kabla lipu haijakauka. Desemba 1954 Nikita Khrushchev, kiongozi wa chama cha Kisovieti, aliwahutubia wajenzi mjini Moscow na kuyashambulia mapambo ya gharama kwenye majengo. Jumba likafunguliwa miezi saba baadaye likiwa limeshapitwa. Hilo si jambo la wanahistoria peke yao. Mtindo ulipokufa, karakana za kufinyanga vigae vya aina hiyo, kumwaga mapambo ya jasi na kuchonga vichwa vya nguzo zilikosa soko. Anayetafuta leo kigae kinacholingana na cha 1954 hatakipata dukani.

Sasa tuje kwenye Kongresowa.

Ukumbi huo wa viti karibu 3,000 uko upande wa magharibi, mtaa wa Emilii Plater, umejitokeza kama tumbo la jengo. Ulijengwa kwa ajili ya mikutano ya chama tawala cha kikomunisti. Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga humo Aprili 1967. Januari 1990 chama chenyewe, PZPR, kilijivunja humohumo. Ni vigumu kupata chumba kimoja Ulaya Mashariki kilichobeba mwanzo, katikati na mwisho wa enzi nzima namna hiyo. Mwaka 2014 ulifungwa kwa sababu haukutimiza masharti ya usalama wa moto, na miaka kumi baadaye ulikuwa bado haujafunguliwa.

Sababu ya kufungwa hatubishani nayo. Kumbi za miaka ya 1950 hushindwa ukaguzi wa moto kwa mambo yaleyale: mbao na vitambaa vilivyowekwa kwa ajili ya sauti, nyaya za zamani zilizopita katika mapango yasiyozibwa, mifereji ya hewa isiyo na vizuizi vya moshi, ngazi zilizo wazi kwa korido. Anayeua katika ukumbi kwa kawaida ni moshi, na moshi hufuata njia ileile ya hewa ya kupumua. Ubishi wetu ni juu ya namna kazi yenyewe inavyopangwa.

Ukarabati wa jengo kama hili huvunjika kwa mfuatano unaojulikana. Mkandarasi huweka bei kwa kufuata michoro. Michoro ni ya miaka ya 1950, na jengo lilimalizwa mbio, kwa hiyo kilichojengwa si lazima kiwe kilichochorwa. Ukuta unafunguliwa, nyuma yake kuna boriti isiyo kwenye mchoro, au bomba, au tundu lililozibwa kwa vifusi. Mkandarasi anadai nyongeza, mwenye jengo anakataa, mawakili wanaingia, ukumbi unabaki na viunzi vyake gizani. Dawa yake inajulikana na ni rahisi kuliko kesi. Kabla ya kutangaza zabuni, fungueni tundu la uchunguzi katika kila aina ya ukuta, dari na sakafu, walau moja kwa kila ghorofa ya ukumbi, lenye upana wa kutosha mkono na kamera kuingia. Kila tundu lipigwe picha, lipimwe, liwekwe kwenye mchoro mpya. Kisha mkataba uwe na bei ya kipimo kwa yale mambo ambayo hakika yatajitokeza: mita moja ya kuziba pango la nyaya, kilo moja ya chuma cha kuimarishia, mita moja ya mraba ya lipu ya kurudishia. Hapo nyongeza inakuwa hesabu, haiwi ugomvi.

Jambo la pili ni viti. Mtu akisikia viti hufikiria starehe, lakini katika ukumbi wa watu 3,000 viti ndivyo kifaa kikubwa kuliko vyote cha kufyonza sauti. Kiti kipya chenye povu jembamba na kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia moto hakifyonzi kama kile cha zamani, na mwangwi ukirefuka kwa nusu sekunde tu hotuba inakuwa uji. Pelekeni viti 20 maabara kabla ya kuagiza 3,000. Vipimwe vitupu, kisha vikiwa na watu, na mfano utakaochaguliwa ni ule ambao tofauti ya hali hizo mbili ni ndogo, ili mazoezi ya mchana na onyesho la usiku visikike karibu sawa.

La tatu ni tarehe. Wekeni hadharani ratiba yenye hatua, na kila hatua ikichelewa, andikeni sababu yake kwa sentensi moja. Watu wa Warsaw ni watu wazima, wanaweza kuvumilia habari mbaya.

Nje ya jengo, tatizo ni polepole zaidi na hatari zaidi. Sehemu kubwa ya kuta imevikwa vigae vya kauri vya rangi ya mchanga vilivyoletwa kutoka Muungano wa Kisovieti, pamoja na jiwe la mchanga kwenye sehemu za mapambo. Maji huingia kupitia viungo vilivyochoka, hasa chini ya zile kingo za paa tulizozitaja, kwa sababu bonde la nyuma likijaa, maji hutafuta njia ya kushukia ndani ya ukuta. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Majira ya baridi ya Warsaw hayana tabia ya kuganda mara moja na kukaa hivyo. Joto hupanda na kushuka kuvuka sifuri mara nyingi, na kila safari kigae kinasukumwa kidogo. Vishikizo vya chuma vikipata unyevu huota kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nayo inasukuma kutoka ndani. Kigae kinaweza kuonekana kizima kabisa machoni huku kikining'inia kwa mazoea tu.

Namna ya kukagua ni hii. Kila uso wa mnara ugawanywe kwa ghorofa na kwa mstari wa madirisha, kila kipande kipewe namba. Mafundi wa kamba washuke na nyundo ya mpira, wagonge kila kigae pembe nne na katikati. Sauti kavu na fupi ni salama. Sauti ya debe tupu maana yake kuna nafasi nyuma. Kisha kila kigae kiingie moja ya makundi matatu: kibaki, kibanwe, kishushwe. Kinachobanwa hutobolewa kwenye kiungo, si katikati ya uso wake, na hufungwa kwa pini ya chuma kisichoota kutu. Kinachoshushwa kiandikwe namba mgongoni, na kama hakijavunjika kirudi palepale kilipotoka. Kwa vilivyovunjika, agizeni vyote vya uso mmoja kwa mpigo, na ziada ya asilimia 10, kwa sababu rangi ya kauri hubadilika kutoka tanuri moja hadi lingine, na ukuta wa mabaka ukishapatikana haufutiki.

Yapo pia mambo ya kukataza kwa maandishi. Saruji kali isitumike kwenye viungo vya jiwe la mchanga. Kiungo kinatakiwa kiwe laini kuliko jiwe, ili unyevu utokee humo na chumvi ivunje kiungo, ambacho hubadilishwa kwa bei ndogo. Ukiweka saruji, unyevu unatokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalomomonyoka. Mchanga wa kupuliza kwa shinikizo usitumike kusafishia, kwani huondoa masizi pamoja na ngozi ya jiwe. Na tafadhali msinunue rangi zile za kuziba maji zinazouzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Zinafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia.

Kwa upande wa mnara, kuna jambo ambalo wapangaji wa ofisi hulilalamikia kila kukiwa na baridi kali bila kujua wanalalamikia nini. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20, hewa ya ndani ni nyepesi, inapanda kupitia mashimo ya lifti na ngazi kama ndani ya bomba la moshi. Tofauti ya shinikizo ni karibu paskali 1.35 kwa kila mita. Kutoka mlango wa chini hadi roshani ya watazamaji ya ghorofa ya 30, iliyo mita 114 juu, inazidi paskali 150. Nusu yake tu ikiangukia mlango wa mita mbili za mraba ni mzigo kama wa kilo 15, na mtoto hawezi kuusukuma. Ndiyo maana milango ya chini hupiga miluzi, ofisi za chini zina baridi, na za juu watu hufungua madirisha katikati ya Januari, jambo linaloongeza mvutano. Kubadilisha madirisha peke yake hakutibu. Kinachotibu ni kukata bomba: vyumba vya kati vya milango miwili mbele ya lifti, milango inayojifunga kwenye ngazi, na kuziba kila tundu la nyaya linalovuka sakafu. Hayohayo ndiyo yanayozuia moshi usipande. Fedha za joto na fedha za zimamoto zinanunua kitu kilekile, lakini kwenye bajeti za majengo mengi hukaa mafungu mawili, chini ya wakuu wawili.

Kuhusu matumizi, tuna ombi moja lisilo na masharti. Jumba lilibuniwa likae pamoja: michezo ya kuigiza upande wa mtaa wa Marszałkowska, vijana upande wa mtaa wa Świętokrzyska pamoja na bwawa lao la kuogelea lenye mnara wa kurukia, makumbusho, sinema, ukumbi mkubwa nyuma, ofisi na wanasayansi juu. Propaganda iliyolipa gharama imekufa. Mpangilio umebaki unafanya kazi. Mtoto anakuja kujifunza kuogelea, mzazi anamsubiri akiangalia filamu, diwani anapita kwenda kikaoni. Teatr Dramatyczny, Teatr Studio na Teatr Lalka wa vikaragosi bado wamo. Kila shinikizo la bajeti litawashawishi kugeuza vyumba vya chini kuwa ofisi na kumbi za harusi, kwa sababu zinalipa kodi bora. Msiguse mabawa ya chini. Mnara ukodisheni mtakavyo.

Uwanja wa mbele, Plac Defilad, umeshaonja kila aina ya mpango. Ulipatikana kwa kubomoa hata zile nyumba zilizosalimika baada ya Wajerumani kuuangamiza mji mwaka 1944, na chini ya lami kuna mitaa mizima ya mji wa kabla ya vita. Mwaka 1992 shindano la kimataifa liliamua Jumba lizungushiwe taji la maghorofa; halikujengwa. Miaka ya 1990 wakaja wachuuzi na mahema yao, mambo ambayo msomaji wa Kariakoo hahitaji kuelezwa, kisha ukumbi wao wa bati, ambamo wafanyabiashara waliondolewa kwa nguvu Julai 2009. Oktoba 2024 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa yakafungua jengo lake jeupe upande wa Marszałkowska. Tunalipenda, hata kama lina sura ya boksi la viatu. Linaliacha Jumba lizungumze. Ombi letu ni dogo: miti mipya isipandwe mahali itakapozuia magari ya ngazi ya zimamoto kufikia kuta, na kila alama ya mitaa ya zamani na ya ukuta wa geto, eneo ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, irudishwe mahali pake halisi baada ya kuchimbua, kwa kipimo cha mpima ardhi na si kwa kukadiria.

Ipo sanamu moja ukutani, ya kijana aliyeshika kitabu. Juu ya kitabu kuna majina ya Marx, Engels na Lenin, kisha nafasi iliyochongwa ikafutwa, palipokuwa na jina la Stalin, ambalo Jumba lenyewe lililibeba kwa muda mfupi. Mkandarasi wa usafi anaweza kudhani hiyo ni kasoro ya jiwe akaijaza. Iandikwe kwenye mkataba kwamba hilo kovu haliguswi.

Mwisho, ratiba ya ukaguzi wa vigae. Wakati bora wa kugonga ni baada ya baridi ya mwisho, Aprili hadi Juni, kwa sababu kilicholegezwa na barafu kinasikika wazi. Huo pia ndio msimu ambao kozi, ndege wawindaji wanaotaga juu mnarani, wana mayai na makinda, nao wanalindwa na sheria ya Poland. Anzeni basi na mabawa ya chini mwezi Aprili, mpande hadi ghorofa za katikati kufikia Juni, na kamba zifungwe kwenye ncha Julai, makinda yakisharuka.

Tunaomba kuwasilisha.